Nina vifuko vya maji kwenye figo: je, silia za seli zangu zimekatika, na zinaweza kuota tena?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 34, nina mtoto mmoja wa miaka 9. Baba yangu alifariki akiwa na miaka 58, alikuwa anasafishwa damu kama miaka mitatu hivi. Kabla yake shangazi yangu, dada yake baba, alianguka ghafla akafa, tukaambiwa mshipa umepasuka kichwani. Juzi niliumwa mgongo nikapigwa altrasaundi, majibu yanasema figo zote zina vifuko vya maji, kulia vitano kushoto vinne, na kimoja kipo kwenye ini. Kreatinini, kile kipimo cha damu cha kazi ya figo, iko sawa. Presha ilikuwa 148/94 ila nesi akasema ni wasiwasi tu. Daktari akaniambia ni ya kurithi, seli zangu zina shida kwenye kijinywele kinaitwa silia. Nimesoma mtandaoni nimezidi kuchanganyikiwa. Kijinywele kimekatika? Kinaota tena? Jirani kaniletea dawa ya kusafisha figo na anasema ninywe maji lita tano kwa siku. Mwanangu nimpime? Na mdogo wangu wa kiume anasema siku ikifika atanitolea figo yake. Naomba unijibu kwa urefu."

Marahaba dada, na pole kwa msiba wa baba na wa shangazi. Maswali yako ni mengi ila naona yote yanazunguka jambo moja, unataka kujua kama kuna kitu kimevunjika mwilini na kama kinarudishika, iwe kwa kuoteshwa au kwa kusafishwa. Nianze na hilo hilo. Silia zako hazijakatika. Kwa ugonjwa ninaouhisi hapa, kipande cha figo yako kikiwekwa chini ya hadubini silia zitaonekana zimesimama kama za mtu mwingine yeyote. Kinachokosekana ni protini zinazotakiwa kukaa juu yake, na hata hizo hazikosekani kwenye seli zote, ni kwenye chache tu. Utaona ni tofauti ndogo lakini ndiyo inayoamua dawa ipi ina maana na ipi ni kutupa hela, kwa hiyo vumilia twende taratibu.

Mimi nimekusoma tu, sijakuona. Ila maelezo yako yanafanana sana na ugonjwa wa figo zenye vifuko vingi, ule unaorithiwa kutoka kwa mzazi mmoja. Wataalamu wa figo wana kigezo chao, kwamba kama mzazi wako anajulikana alikuwa nao na wewe una miaka kati ya 15 na 39, basi vifuko vitatu au zaidi ukijumlisha figo zote mbili vinatosha kusema na wewe unao. Wewe una tisa. Kikwazo kipo kwenye hilo la "anajulikana alikuwa nao". Hujasema baba aliambiwa anaumwa nini hasa, umesema alikuwa anasafishwa damu, na wengi wanafikia huko kwa presha au kisukari bila kuwa na kifuko hata kimoja. Kwa hiyo kabla hujalipia kipimo kingine chochote, muulize mama au yule aliyekuwa anampeleka kliniki, zile bahasha za kaki za baba ziko wapi. Humo ndani huwa kuna karatasi ya altrasaundi, na ukikuta imeandikwa figo zote kubwa na zina vifuko vingi, mjadala umeishia hapo. Kifuko kimoja kimoja mtu mzima kuwa nacho sio ajabu, hasa akishavuka 50, ila tisa kwa miaka 34 pamoja na hicho cha ini, hapana, hiyo inatakiwa ifuatiliwe.

Haya, silia. Karibu kila seli ya mwili wako inayo, tena moja tu, imechomoza juu ya seli ikaangalia nje. Seli nyekundu za damu hazina, na aina nyingine chache, lakini figo, ubongo, mifupa, mirija ya nyongo kwenye ini, kote zipo. Unene wake ni kama moja ya tano ya mikromita, na mikromita ni milimita moja uigawe mara elfu, urefu nao ni mikromita chache. Mwanasayansi Zimmermann alizieleza kwenye seli za figo tangu mwaka 1898, mwenzake Sorokin akazipa jina la silia za msingi mwaka 1968, alafu kwa miaka mingi zikachukuliwa kama masalia tu ambayo hayana kazi. Usizichanganye na zile silia za kwenye njia ya hewa, zile seli moja inazo mamia na zinapiga makasia kusukuma makohozi yatoke, zikigoma mtu anaishi na kikohozi, mafua yasiyoisha na masikio. Hizi za kwako hazipigi makasia. Kazi yake ni kupokea taarifa, kujua nje kuna nini na kuiambia seli ifanye nini.

Namna seli inavyoitengeneza ndipo penye utamu, na ndipo utaelewa kwa nini hakuna kitu cha kunywa kitakachoiotesha. Ndani ya seli kuna vijiti viwili vifupi vinaitwa sentrioli, kimoja kikongwe na kimoja kichanga. Seli ikitaka kugawanyika, hivyo vijiti vinahitajika kusaidia kuvuta kromosomu huku na huku. Seli ikitulia, haigawanyiki, kile kikongwe kinapanda juu mpaka chini ya ngozi ya seli, kinajishikiza hapo kwa vitawi vyake, alafu kifuniko kilichokuwa kimekaa juu yake kinaondolewa. Kifuniko hicho ni protini inaitwa CP110 na kimeng'enya kinachosimamia kuondolewa kwake kinaitwa TTBK2. Kifuniko kikishatoka, mikrotubuli, yaani vijibomba vyembamba vya protini, zinaanza kurefuka kutoka kwenye hicho kijiti, jozi tisa kwa mduara, na ngozi ya seli inavutika inazifunika. Hiyo ndiyo silia. Seli ikiamua kugawanyika tena inaivunja yenyewe, kimeng'enya kinaitwa Aurora A kinaamsha kingine kinaitwa HDAC6 na zile mikrotubuli zinalegezwa mpaka silia inafyonzwa ndani, vijiti vinaenda kufanya kazi yao, alafu mgawanyiko ukiisha silia inajengwa upya. Kwa hiyo kwa seli yenye afya kuota na kukatika ni jambo la kila mara, haihitaji msaada wetu.

Ndani ya silia hakuna kiwanda cha protini. Kila kitu kinatengenezwa chini kwenye seli kisha kinapandishwa, kuna protini za kubeba zinaitwa kinesini zinapandisha mizigo hadi kileleni, na nyingine zinaitwa dainini zinairudisha chini, muda wote, bila kupumzika. Pale kwenye shina kuna lango linalochagua nani aingie nani abaki nje, na kuna kundi lingine la protini linaloitwa BBSome linalosaidia kutoa vile visivyotakiwa kubaki humo. Urefu wa silia unategemea huo usawa wa kupanda na kushuka. Lango likiharibika, au wabebaji wakiharibika, ndipo yanapozaliwa magonjwa ambayo pengine umekutana nayo ukisoma ukaogopa bure: Bardet-Biedl ambapo mtoto anazaliwa na vidole vya ziada, anakuwa na unene wa kupita kiasi, macho yanafifia na figo zinasumbua, Joubert ambapo sehemu ya ubongo inajengeka vibaya, nefronoftisi inayoua figo za watoto na vijana. Hayo ni ndugu wa ugonjwa wako, wanatoka kwenye kiungo kimoja, ila sio ugonjwa wako. Mtu mzima wa miaka 34 anayeona vizuri, aliyekua kawaida, hana haja ya kulala na hofu ya Bardet-Biedl.

Huo usafiri wa ndani ya silia uligunduliwa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1993, na haukugunduliwa kwa binadamu, ni kwenye mwani wa kijani wa seli moja unaoitwa Chlamydomonas, kitu unachoweza kukipata kwenye dimbwi la maji. Mwaka 2000 wakaja kuona kwamba jeni moja ya usafiri huo kwenye mwani ndiyo ile ile iliyoharibika kwenye panya wa maabara waliokuwa wanaota vifuko kwenye figo, wakaangalia silia za figo za wale panya wakakuta ni fupi kupita kiasi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwa minyoo midogo ya maabara, ilikuwa imeonekana kwamba protini inayofanana na ile inayoharibika kwa wagonjwa wa figo inakaa kwenye silia za neva za madume, na dume lililoharibika jeni hiyo linashindwa kujamiiana sawasawa. Mwani, panya, mnyoo. Hapo ndipo watu wa figo waliposhtuka kwamba kale kajinywele walikokadharau miaka yote ndiko kameshika siri ya ugonjwa wenyewe.

Sasa tuje kwako. Jeni zinazohusika zaidi ni mbili, PKD1 iliyopo kromosomu ya 16, ilipatikana 1994, na PKD2 ya kromosomu ya 4, iliyopatikana 1996. Zinatengeneza polisistini-1 na polisistini-2, protini mbili zinazoshikana na kukaa juu ya silia. Kwa pamoja zinaiambia seli ya mrija wa figo kwamba mrija umeshafika upana wake, tulia, usiongezeke. Kwa nini zinajua hivyo, yaani zinahisi kitu gani hasa, wenyewe bado wanabishana. Mwaka 2003 ilionekana kama mkojo ukipita unaikunja silia na madini ya kalsiamu yanaingia kwenye seli, ikawa ndio maelezo ya kila kitabu, alafu 2016 wengine wakapima kwa vifaa vikali zaidi wakasema kalsiamu hiyo ndani ya silia hawaioni. Ukikuta mtandaoni mtu anakueleza habari ya kalsiamu kana kwamba imeshafungwa, ujue amesoma nusu.

Wewe kama unao ugonjwa huu ulizaliwa na nakala moja mbovu kutoka kwa baba na nakala moja nzima kutoka kwa mama, kwenye kila seli. Hiyo nzima inatosha kwa muda mrefu. Ila miaka inavyokwenda, seli moja huku na nyingine kule inapata ajali ikaipoteza na ile nzima, basi hiyo seli ndiyo inayoanza kifuko. Inagawanyika, ukuta wa mrija unavimba, unajaa maji, mwishoni kifuko kinajitenga na mrija kabisa. Ndio maana huenda hukuwa na kitu ulipokuwa na miaka kumi japo jeni ulikuwa nayo, na ndio maana vinaongezeka kimoja kimoja. Mirija ya nyongo kwenye ini nayo ina silia zenye protini hizo hizo, hicho kifuko cha ini kimetoka huko, na mara nyingi cha ini hakiharibu kazi ya ini.

Na hapa ndipo jibu la "kinaota tena" linapokuwa la ajabu kidogo. Mwaka 2013 kundi la Yale waliwatoa panya polisistini wakabakiza silia, vifuko vikaota kwa kasi. Panya wengine wakawatoa polisistini na silia pamoja. Ungetegemea hali iwe mbaya zaidi, si ndio? Ikawa nafuu, vifuko vikapungua kasi. Yaani silia iliyokosa polisistini haijanyamaza, inapiga kelele ya "ongezeka, ongezeka", ni kama alamu ya gari iliyoharibika inalia usiku kucha na mtaa mzima haulali, ukichomoa betri kelele inaisha ingawa gari bado halijapona. Kwa hiyo hata angetokea mtu mwenye dawa ya kweli ya kuotesha silia, kwako isingekuwa dawa. Kinachotakiwa ni kurudisha polisistini, au kuzima hizo kelele. Na la kurudisha sio ndoto tupu, mwaka 2021 panya waliokuwa tayari wana vifuko walirudishiwa jeni ikafanya kazi tena, na figo zikasinyaa zikarudi karibu na umbo lake. Kwa binadamu hatujafika huko, ila mimi hiyo ndiyo kazi inayonipa matumaini kuliko zote.

Dawa ya jirani basi. Vifuko sio uchafu, ni seli zako mwenyewe zimezunguka maji zilizoyatema, hakuna kitu cha kusafishwa pale. Na siku hizi neno kusafisha figo linauza chochote. Shida yangu sio kwamba ni ya asili, shida ni kwamba hakuna anayejua kwenye ile chupa kuna nini, na kuna mimea inayoua figo kabisa, mapema miaka ya 1990 kule Brussels wanawake waliokuwa wanakunywa dawa za mitishamba za kupunguza unene waliharibika figo kwa mmea mmoja uliokuwa umechanganywa humo, wengine wakaishia kwenye kusafishwa damu. Mshukuru jirani, usimgombeze, ila chupa usiifungue.

Kwenye maji jirani hakukosea sana, kwa bahati tu. Ndani ya seli za vifuko kuna kemikali inaitwa AMP ya mzunguko ambayo inapanda kupita kiasi na ndiyo inayofanya kifuko kitoe maji kuelekea ndani na kukua. Homoni ya kubana mkojo, vasopresini, inaipandisha zaidi, na ukinywa maji mengi homoni hiyo inashuka. Kwa makaratasi ni sawa kabisa. Wakalijaribu Australia kwa watu wenye ugonjwa huu kwa miaka mitatu, majibu yakatoka 2022, waliopewa mpango wa kunywa maji mengi figo zao zilikua sawa tu na za wenzao. Kwa hiyo kunywa ya kutosha, kiu isikukamate, mkojo uwe mweupe au wa njano hafifu, basi. Lita tano za kulazimisha zinaweza kukushushia chumvi ya damu na kukulaza hospitali kwa jambo ambalo halikukusaidia.

Kuna dawa ya kisayansi inayofunga mlango huo huo wa vasopresini, inaitwa tolvaptani. Jaribio lake kubwa lilitoka 2012 na watu zaidi ya 1,400, figo za waliomeza dawa zilikuwa zinaongezeka ukubwa kwa asilimia 2.8 kwa mwaka, wasiomeza asilimia 5.5. Sio kuponya, ni kupunguza mwendo. Na ina bei yake kwa maana zote mbili, hela ni nyingi, na mtu anakojoa lita kwa lita usiku na mchana, ini linaweza kuumia hivyo damu inapimwa mara kwa mara, mwanzoni kila mwezi. Kiukweli sio ya kila mwenye vifuko, ni ya yule ambaye figo zinaonyesha zitachoka mapema. Wewe hatujui bado upo kundi gani. Baba alianza kusafishwa damu akiwa na kama 55, hiyo inaelekea zaidi kwenye PKD1, kwa sababu wa PKD2 kwa kawaida wanafika miaka ya 70 ndio figo zinachoka, wengine hawafiki huko kabisa. Lakini hata tumbo moja watu wanatofautiana sana, usijipigie hesabu kwa umri wa baba.

Kinachonisumbua mimi kwenye barua yako ni presha kuliko vifuko. 148/94 kwa mtu wa miaka 34 mwenye figo za aina hii sio ya kuachwa na neno wasiwasi. Kwenye ugonjwa huu presha inapanda mapema, kreatinini ikiwa bado nzuri kabisa, kwa sababu vifuko vinabana mishipa midogo ya figo na figo inaona kama damu haitoshi, inamwaga homoni za kupandisha presha. Na kreatinini kuwa sawa isikupumbaze, sehemu zilizobaki nzima zinafanya kazi ya ziada na kipimo kinabaki kizuri kwa miaka mingi wakati vifuko vinaendelea. Tafuta mashine ya presha ya mkononi, ya kufunga juu ya kiwiko, ukae dakika tano umetulia mgongo umeegemea, pima asubuhi na jioni wiki nzima, andika. Kama wastani ni 135/85 kwenda juu, hiyo ni presha ya kweli. Mwaka 2014 jaribio la Marekani liliwachukua watu wa miaka 15 hadi 49 wenye figo bado nzuri, wakawashusha presha mpaka kati ya 95/60 na 110/75, na ukuaji wa figo ukapungua kwa asilimia 14 ukilinganisha na walioachwa kwenye lengo la kawaida. Kuna waliopata kizunguzungu, na kazi ya kuchuja damu kwa ujumla haikutofautiana sana, kwa hiyo sio kila mtu anasukumwa chini hivyo, daktari wako atapima. Ila kwa hapa kwetu dawa za presha za kundi la losartani na lisinopril zinapatikana na bei yake inavumilika, ukilinganisha na mengine yote niliyoyataja hapa ndiyo silaha yako ya kwanza. Chumvi nayo ipunguze kweli kweli, ile ya mezani, ya viungo vya pakiti, ya dagaa wa chumvi.

Mgongo ukiuma tumia parasetamo kwa kipimo chake. Diklofenaki na ibuprofeni achana nazo, hata ya sindano, hata muuza duka la dawa akikuapia. Na ukipata homa na maumivu ya ubavuni, au mkojo wa damu unaoendelea, usisubiri kliniki, nenda hospitali, kifuko kinaweza kupata maambukizi au kuvuja damu.

Shangazi umemtaja kwa sentensi moja ila kwangu ni kitu kizito. Kwa watu wenye ugonjwa huu kama mmoja kati ya kumi ana mshipa uliovimba kichwani, zaidi kama kwenye ukoo kuna aliyepasukiwa. Shangazi ni dada yake baba, damu ile ile inayorithisha. Mwambie mtaalamu wa figo hilo neno kwa neno, uombe kipimo cha MRI cha mishipa ya kichwa. Wengi wanakutwa hawana kitu, na wanaokutwa na uvimbe mdogo mara nyingi unafuatiliwa tu. Ila kuanzia leo, kichwa kikikupasuka ghafla kwa maumivu ambayo hujawahi kuyapata, ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kulala ukaona asubuhi.

Mtoto. Kama unao, uwezekano wa yeye kurithi ni nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Wapo madaktari watakaokwambia mpige altrasaundi, mimi kwa mtoto wa miaka 9 asiye na dalili nisingekimbilia huko. Isipoonyesha kitu haikuhakikishii chochote, kwa umri huo vifuko vinaweza kuwa bado, na ikionyesha hakuna tiba tutakayoanza ila atakua akijiona mgonjwa. Mpime presha mara moja kwa mwaka kwa mkanda wa saizi ya mtoto, ikipanda hapo tutakuwa na cha kutibu. Mengine ataamua mwenyewe akikua, baada ya wewe kumweleza vizuri.

Mdogo wako ana moyo mzuri, mpe hongera, ila naye ni mtoto wa baba yule yule. Kabla ya yeye kufikiriwa kutoa figo lazima ithibitishwe kwamba hana, na kama hajafika 40 altrasaundi safi haitoshi peke yake, watataka MRI, na ikiwezekana kipimo cha jeni. Na kwa faida yake mwenyewe apime presha sasa. Suala la kupandikiza lenyewe lipo mbali na wewe, kreatinini yako ni nzuri, na hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wanapandikiza tangu 2017, kwa hiyo hilo tuliweke pembeni mpaka litakapohitajika.

Unayemhitaji ni daktari bingwa wa figo, sio wa upasuaji wa kutoboa vifuko. Ukienda kwake beba karatasi ya altrasaundi, zile presha ulizoandika, bahasha za baba kama zimepatikana, na muulize urefu wa kila figo kwa sentimita, kwa sababu wapigaji wengi wanahesabu vifuko wanasahau kuandika ukubwa, na ukubwa ndio unaotabiri mambo, figo ya kawaida ni kama sentimita 10 hadi 12. Jambo moja hukuniambia, nalo ni kama unapanga kuzaa tena. Losartani na ndugu zake wote zinadhuru mimba, kwa hiyo kama upo kwenye mpango, au hutumii njia yoyote ya uzazi, liseme siku ya kwanza kabla hajaandika dawa, kuna nyingine za presha za kutumia kipindi hicho.